Sudan: kimya cha raia na kimya cha serikali si kitu kimoja

Oktoba 26, 2025 wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan, waliingia El Fasher, makao makuu ya Darfur Kaskazini, magharibi mwa nchi hiyo, baada ya kuuzingira mji huo kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, wameripotiwa kuuawa ndani ya Hospitali ya Uzazi ya Saudia mjini humo. Huku kwetu zilikuwa habari za siku mbili tatu, kisha zikapita. Tangu hapo, kila anapotokea mtu kuitaja Sudan, hukutana na lawama ileile: kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki tuna machozi ya kuchagua, Gaza tunaiombea dua kila Ijumaa, Sudan tunanyamaza. Na hukutana na jibu lilelile: hivyo ni vita vya Wasudani wenyewe, majenerali wawili, Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF, wanagombea kiti, na nchi yenye busara haijiingizi.

Kwa maoni yangu lawama hiyo inamwangukia asiyestahili, na jibu hilo linamkinga asiyestahili kukingwa.

Tuanze na raia. Wiki El Fasher ilipoanguka, Tanzania ilikuwa katika uchaguzi wa Oktoba 29. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na wengi walikuwa wakihangaika kujua ndugu zao wako wapi. Wakenya walikuwa ndio kwanza wametoka kumzika Raila Odinga. Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, zilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwanzoni mwa mwaka. Mwenye msiba ndani ya nyumba haulizwi kwa nini hakuonekana kwenye msiba wa jirani.

Lakini hata bila wiki ile, kuna jambo zito zaidi linaloieleza hali ya raia, nalo ni la hesabu. Novemba 2024 watafiti wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London walitoa makadirio ya vifo katika jimbo la Khartoum. Walikusanya majina ya marehemu kutoka sehemu tatu: dodoso la wazi lililosambazwa mitandaoni, dodoso lililopitishwa kwa watu wanaojuana, na tanzia zilizobandikwa mitandaoni. Kisha wakaangalia majina mangapi yanajirudia kutoka orodha moja hadi nyingine. Kama orodha hizo zingekuwa zimewafikia marehemu wengi, majina yangegongana mara kwa mara. Yaligongana machache. Kwa njia hiyo wakakadiria kwamba kati ya Aprili 2023 na Juni 2024 walifariki watu zaidi ya 61,000 katika jimbo hilo moja, na kama 26,000 kati yao waliuawa moja kwa moja. Hao 26,000 ni wengi kuliko waliokuwa wamehesabiwa na ACLED, mradi unaohesabu wanaouawa katika vita duniani, kwa Sudan nzima katika kipindi hichohicho, ambao ni kama 20,000. Na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya Khartoum havikuwa vimeandikwa popote.

Asilimia hiyo hainitoki kichwani. Katika kila marehemu kumi, tisa hawamo katika orodha yoyote. Na hapo ni Khartoum, mji mkuu, wenye madaktari, vyuo, simu, na watu wenye ndugu Jeddah na Doha wa kuwaandikia tanzia. Kama huko hali ni hiyo, mtu wa kijiji cha Darfur aliyefia njiani akikimbilia mji wa Tawila ataandikwa na nani? Gaza, wizara ya afya hutoa orodha yenye jina, umri na namba ya kitambulisho, na waandishi Wapalestina wamekufa wengi wakiwa wanarekodi. Kwa hiyo mtu wa Tandika au Kisauni anaposema anamlilia mtoto wa Gaza, anamlilia mtoto aliyemwona uso. El Fasher mawasiliano ya kawaida yalikuwa yamekatika. Sehemu kubwa ya tunayoyajua ilitoka angani, kwenye picha za satelaiti zilizochambuliwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Yale: tuta la udongo lililochimbwa kuuzunguka mji ili watu wasitoke, na baada ya mji kuanguka, madoa mekundu juu ya ardhi. Nyingine zilitoka kwenye simu za wauaji wenyewe, waliojirekodi. Watu huweza kuomboleza kwa picha za satelaiti, lakini ni vigumu sana.

Yapo mambo yanayotuingia moja kwa moja tukiambiwa. Ndani ya mji ule uliozingirwa watu walikula mashudu ya karanga, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Mfugaji wa Singida anajua mashudu ni nini na analisha nani. El Fasher yalipikwa yakaliwa na watoto, na mwishoni hata hayo yakaadimika. Nimewahi kulieleza hili kwa watu ambao hawajawahi kuifuatilia Sudan, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba hayamhusu. Wala Sudan si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Vita vilipoanza, Aprili 2023, serikali ya Tanzania iliwaondoa raia wake wapatao 200 kutoka Sudan, wengi wao wanafunzi. Walimu na masheikh wangapi wa Zanzibar, Tanga na Mombasa wamesoma Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika?

Kimya cha serikali ni kitu kingine. Serikali zina mabalozi na idara za usalama, na husoma ripoti za Umoja wa Mataifa kabla hazijatufikia sisi. Zenyewe zikinyamaza, si kwa kutojua.

Wanaotetea kimya hicho wana hoja, na si ya kubeza. Aliyekwisha kuwaita watu wauaji hadharani hataweza kuwaketisha mezani. Amani kati ya serikali ya Khartoum na SPLM, waasi wa Sudan Kusini, ilipatikana Kenya: itifaki ya Machakos Julai 2002, mazungumzo marefu ya Naivasha, hadi mkataba uliosainiwa Nairobi Januari 9, 2005. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, aliyeyasuluhisha mazungumzo hayo, hakufika huko kwa kutoa matamko. Vilevile ni kweli kwamba wanaopigana wote wana damu mikononi. Jeshi la Burhan limeshutumiwa kupiga masoko kwa mabomu, na Januari 2025 Marekani iliwawekea vikwazo Hemedti na Burhan, kila mmoja kwa wakati wake. Kuchagua upande hapo ni jambo la hatari.

Hata hivyo, msuluhishi hakuwa bubu siku zote. Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, Mwalimu Nyerere alikuwa tayari ndiye msuluhishi wa mgogoro wa nchi hiyo. Mwisho wa mwezi uleule viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo, mpaka Buyoya akakubali kuzungumza. Usuluhishi uliendelea, na Agosti 2000 mkataba ukasainiwa Arusha. Vikwazo vile viliwaumiza pia wananchi wa kawaida wa Burundi, na hilo halifai kufichwa. Lakini vinaonyesha kwamba mtu anaweza kusema na bado akaaminiwa mezani, mradi anayoyasema leo ndiyo atakayoyasema kesho.

Hapo ndipo kimya cha sasa kinaponipa shaka, kwa sababu si kimya cha pande zote. Februari 2025 RSF na washirika wake walikusanyika katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kisha wakasaini hati ya kuunda serikali yao. Kenya ilisema inatoa jukwaa la amani. Khartoum ikamrudisha nyumbani balozi wake, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, wakati Sudan ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai hiyo. Mkulima mdogo wa milimani Kenya, ambaye hakuulizwa, akajikuta anailipia siasa ya KICC.

Halafu kuna Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Imarati. Januari 2024 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliona kuwa tuhuma za silaha kupelekwa kwa RSF kutoka Imarati, kupitia Amdjarass nchini Chad, ni za kuaminika. Imarati inakanusha. Sudan iliishtaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Mei 2025 mahakama ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Ushahidi wenyewe haukupimwa. Dhahabu ya Sudan, inayozilisha pande zote za vita, kwa sehemu kubwa huishia Dubai. Na Imarati ni mshirika wetu. Tanzania ilisaini na DP World, kampuni ya Dubai, Oktoba 2023 mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Kenya ilisaini na Abu Dhabi mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi Januari 2025, mwezi mmoja kabla ya mkutano wa KICC. Vijana wetu wengi wanafanya kazi huko. Sisemi mikataba hiyo ni mibaya, wala kwamba kuna aliyeagizwa anyamaze. Ninachosema ni kwamba aliye na biashara kubwa na mtuhumiwa hawezi kukiita kimya chake kutofungamana na upande wowote kisha akategemea tuamini bila kuuliza.

Tanzania imewahi kulipa gharama ya kusema. Aprili 1968 iliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, wakati OAU, umoja wa nchi za Afrika wa siku hizo, ilikuwa imejificha nyuma ya kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani. Mwaka 1975 ilikataa kwenda Kampala kwenye mkutano wa OAU chini ya Idi Amin, kwa hoja kwamba Afrika haiwezi kupaza sauti dhidi ya Makaburu na kufumba macho Mwafrika anapochinjwa na Mwafrika. Biafra ilishindwa Januari 1970, na wapo wanaosema Mwalimu alikosea kuitambua. Inawezekana. Lakini hakuna aliyedai kwamba hakuona.

Na kile kiti cha usuluhishi tulichoambiwa kimya kinatutunzia hakipo tena. Septemba 2025 mpango wa kusitisha vita Sudan ulitangazwa na Marekani, Saudi Arabia, Misri na Imarati. Ukiiondoa Misri, hakuna nchi nyingine ya Afrika kati ya hizo nne, na Imarati inayotuhumiwa kupeleka silaha imo.

Hakuna anayetaka askari wapelekwe, wala matusi kwa majenerali. Marufuku ya silaha ya Umoja wa Mataifa iliyowekwa tangu 2004 inahusu Darfur peke yake. Silaha zikishushwa kwingine Sudan hazivunji marufuku hiyo. Kudai ienee nchi nzima, na kudai wasambazaji watajwe kwa majina, ni jambo ambalo serikali inaweza kulisema bila kumpendelea Burhan wala Hemedti. Mwaka 2026 Baraza la Usalama lina wanachama wawili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Somalia na Kongo, na Kongo yenyewe inajua vizuri vita vinavyolishwa na silaha za kupitishwa mpakani ni vipi. Dodoma, Nairobi na Kampala zinaweza kuwaandikia wawili hao barua kulidai hilo, na kuitoa hadharani ili sisi raia tuisome.