Dakika mbili zinatosha

Filamu nyingi za kusafiri katika wakati huniudhi kwa jambo moja: mashine ina uwezo mno. Shujaa akikosea, anarudi nyuma kurekebisha. Akikosea tena, anarudi tena. Mwishowe unajiuliza kwa nini hakurudi mapema zaidi akayamaliza yote, na mamilioni yaliyomwagwa kwenye milipuko hayana jibu.

Ndiyo maana naipigia debe filamu moja ya Kijapani ya mwaka 2020, inayojulikana nje ya Japani kama Beyond the Infinite Two Minutes. Mwongozaji ni Junta Yamaguchi, mwandishi ni Makoto Ueda, na nyuma yao lipo Europe Kikaku, kundi la maigizo ya jukwaani kutoka Kyoto (jina lisikudanganye, ni Wajapani watupu). Ina dakika 70, bajeti kiduchu, na sehemu kubwa inafanyika kwenye mkahawa mdogo na ghorofa za juu yake. Kamera inapanda na kushuka ngazi na waigizaji kana kwamba haijazimwa hata mara moja.

Kato, mwenye mkahawa, yuko chumbani kwake juu baada ya kazi. Ghafla anajiona kwenye skrini ya kompyuta, yupo chini mkahawani, akimwambia: mimi ni wewe wa dakika mbili zijazo. Anashuka. Muda ukitimia anajikuta mbele ya runinga ya mkahawa akimwambia Kato wa juu maneno yaleyale. Mashine ndiyo hiyo. Haimpeleki mtu popote, inapitisha picha na sauti tu. Rafiki zake wakija, wanazielekeza skrini mbili zitazamane, na sasa wanaona dakika nne mbele, sita, nane, kila taswira ndani ya nyingine.

Utamu wote uko kwenye huo ufinyu. Kato anaambiwa na Kato wa mbeleni kwamba binti jirani amekubali mwaliko wake wa tamasha. Anakwenda kifua mbele. Anakataliwa. Anarudi kanywea, lakini zamu yake mbele ya runinga imefika, na alishajiona akitangaza ushindi. Afanyeje? Anajikaza, anatabasamu, anajidanganya mwenyewe. Hapo nilicheka sana, halafu nikamwonea huruma. Hakuna sheria yoyote ya fizikia inayomlazimisha. Anaogopa tu kuharibu kile alichokwisha kukiona, na woga huo unawabana wote.

Tena fikiria kazi ya kuitengeneza filamu hii. Mtu anaongea na skrini, skrini inamjibu, kisha baadaye lazima tuone mazungumzo yaleyale kutoka upande wa pili. Ukichelewa sekunde tatu kusema neno lako, yote yamevurugika. Hiyo fedha hainunui, inatoka kwenye mazoezi, na watu wa jukwaani wanayajua mazoezi.

Sehemu ya mwisho naikubali shingo upande. Wanaingia majambazi, kisha askari wa wakati wenye dawa ya kufuta kumbukumbu, na ghafla tunarudi kwenye mambo ya filamu kubwa bila fedha za filamu kubwa. Wangewaacha palepale mkahawani wakibishana, ningeridhika.

Kuhusu familia: hamna mtoto hata mmoja kati ya wahusika wakuu, na wangu hawakujali. Watoto wanapenda mchezo wenye kanuni, na hapa kanuni inaeleweka mapema kabisa. Shida ni maandishi ya tafsiri yanayokimbia, maana wahusika wanadakizana, wa sasa na wa baadaye kwa pamoja. Sijui DJ wa kibanda umiza, yule anayetafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda vya video, angeitafsiri vipi hii bila kukauka koo. Nilijaribu kuwa DJ wa sebuleni, nikawa nasimamisha filamu kila mara ili nieleze. Wakaniambia ninyamaze, wao wameshaelewa, mimi ndiye niliyebaki nyuma.