Mponyaji Hawezi Kumtibu Anayemkimbia

Juzi usiku, kwenye Mobile Legends, gemu ya simu ya timu mbili zinazopigana, niliambiwa nifute gemu nikapike. Ilikuwa mechi ya renki, tumeshavunja minara miwili, nami nacheza Estes, shujaa mponyaji. Mpigaji wetu wa mbali akamwona adui aliyebakiwa na damu kidogo, akamfukuza hadi chini ya mnara wao. Kichakani walikuwa watatu wakimngoja. Alipokufa akaandika, "Mponyaji yuko wapi?" Akarudia mara tatu, kisha ndiyo yakaja hayo ya kupika. Yaliniuma, lakini hayo yana siku yake.

Jamani, nilikuwa palepale, na timu. Aliyeondoka ni yeye.

Anayemfahamu Estes anaujua uzi wake. Ukimtibu mwenzako, uzi wa mwanga unawaunganisha na damu yake inazidi kupanda, ilimradi msiachane mbali. Mkiachana, unakatika. Usiku ule niliuona ukivutika, ukavutika, ukakatika. Ningemfuata tungekufa wawili, na watatu waliobaki wangekosa wa kuwatibu huku Lord, zimwi kubwa ambalo timu zinaligombania, akikaribia kutoka.

Watu wakisikia subira ya mponyaji wanadhani ni upole, eti tunacheza hivi kwa sababu hatupendi vita. Subira hii ni kazi ya macho na vidole. Damu ya mwenzako inashuka, kidole kinawasha kubonyeza ulti, ule uwezo mkubwa unaochukua muda kurudi, nawe unajizuia. Unaangalia ni adui gani bado hajatumia ulti yake. Unamwacha tanki, yule mgumu wa kutangulia mbele, ale mapigo sekunde mbili zaidi ya vile moyo wako unavyotaka, na sekunde hizo ni ndefu kweli. Ukiitoa mapema, kipigo kizito kitakapowashukia wote huna kitu mkononi. Na unajizuia hivyo kila pambano, na watu usiowajua, ambao mechi ikiisha wanatazama nani kaua wangapi.

Ila subira ya mtu mmoja haitoshi. Hilo nimelijua kwa mdogo wangu, anayecheza tanki. Tunakaa mkeka mmoja, simu moja kwenye chaja na nyingine ikisubiri zamu. Kabla ya kuvamia husema, "Dada, naingia." Basi. Nasogea, naandaa uzi. Siku nyingine ananiuliza, "Ulti ipo?" Nikimjibu bado sekunde kumi, anarudi nyuma, na namwona anavyouma mdomo kwa hamu ya kupigana. Mimi naponya, lakini anayenipa nafasi ya kuponya ni yeye.

Nakubali, wapo waponyaji wabovu, na wengine wanakiita subira kile ambacho ni woga. Waliocheza Overwatch, gemu nyingine ya timu, zamani wanakumbuka: ulti ya Mercy, mponyaji wa huko, ilikuwa inafufua kwa mpigo wenzake wote walioanguka karibu naye, hivyo wengi wakawa wanajificha nyuma ya ukuta hadi timu iishe ndipo watokee. Septemba 2017 Blizzard, watengenezaji wake, wakabadilisha. Kufufua kukawa mtu mmoja tu, kisha unangoja sekunde 30. Walifanya vizuri sana. Anayewaacha wenzake wafe ili awafufue kwa kishindo hajawatibu.

Na adui akishanunua vifaa vya kupunguza uponyaji, msinitegemee kama mwanzo. Hapo tunabadilika wote.

Ninachoomba ni kidogo mno. Ukitaka kwenda, sema. Ukiona niko nyuma, nitazame kwenye ramani kabla hujanitukana. Sitaki sifa wala shukrani, nataka uwe karibu tu.

Yule mpigaji alipofufuka hakuandika neno, lakini pambano lililofuata alisimama nyuma ya tanki. Damu yake ikashuka ikafika nusu. Nikamfunga uzi, na safari hii hakusogea.