Javert na wafungwa wa miguu mitupu

Jumapili mpwa wangu, anayesoma Kifaransa chuoni, alinionyesha karatasi mbili alizotoa kopi: "Dhamira kuu za Les Misérables", riwaya ya Mfaransa Victor Hugo. Umaskini. Haki. Rehema. Toba. Kwenye wahusika, Javert kapewa mstari mmoja tu: "askari katili, kiwakilishi cha sheria isiyo na utu." Nikamuuliza kama riwaya yenyewe ameifungua.

"Mjomba, ina kurasa zaidi ya elfu, na mtihani ni Alhamisi."

Haya, karatasi zinafaulisha, sibishi. Lakini ukiandika "umaskini" bila kujua kwamba Fantine, mama fukara, aliuza nywele zake kwa faranga 10 ili mwanawe apate gagulo la sufu, na akina Thénardier waliokuwa wakimlea mtoto huyo kwa malipo wakamvika gagulo hilo binti yao, umeandika nini? Na huyo Javert ndiye aliyeninyima usingizi.

Javert alizaliwa gerezani. Mama yake alikuwa mpiga ramli, baba yake mfungwa wa kazi ngumu. Alipokua aliona kwamba watu wa asili yake jamii haiwapokei. Wana njia mbili tu, kuishambulia au kuilinda. Akachagua kulinda. Siku alipoamini kwamba amemshuku meya wake bure kuwa mfungwa wa zamani, alikwenda mwenyewe kumwomba amfukuze kazi, na akang'ang'ania. Mtu huyo anajihukumu kwa mizani ileile anayowapimia wengine. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba amewaumiza wengi. Alivyomtendea Fantine mgonjwa kitandani mimi siwezi kumsamehe.

Sasa njoo Juni 1832, Paris, kwenye vizuizi vya waasi. Waasi wamemkamata Javert kama jasusi. Jean Valjean, mfungwa wa zamani ambaye Javert amemwinda kwa miaka, aliyekaa gerezani miaka 19 kwa sababu ya kuiba mkate na majaribio ya kutoroka, ndiye anayekabidhiwa kazi ya kumpiga Javert risasi. Anamkata kamba, anafyatua hewani, anamwambia nenda. Baadaye Javert anamtia Valjean mkononi, naye anamwachia. Usiku huohuo anaingia kituo cha polisi, anakaa mezani, anawaandikia wakuu wake mapendekezo kumi ya kuboresha kazi. Mojawapo linahusu wafungwa wanaotoka kuhojiwa: huvuliwa viatu na kusimamishwa miguu mitupu juu ya sakafu ya mawe wakati wanapekuliwa, na wengi hurudi gerezani wakikohoa. Sababu anayoitoa? Gharama za hospitali! Huruma imempata, na hana lugha nyingine ya kuisemea isipokuwa ya ofisi. Anaweka tarehe, 7 Juni 1832, yapata saa saba usiku, anatia sahihi, anatoka, anajitosa katika mto Seine.

Utaniambiaje huyu hana utu? Hugo angetaka katili, asingemkalisha mezani na kalamu dakika zake za mwisho. Rehema katika riwaya hii ni kitu kizito. Humwangukia mtu na kumvunja, na Javert hakuweza kuinuka nayo. Hicho ndicho ningetaka mwanafunzi akiandike.

Tukautafuta ukurasa ule. Mpwa wangu akausoma kwa sauti, polepole, akafika kwenye kikohozi akanyamaza. Kisha akauliza, "Mbona hakuyaandika haya siku zote?"

Nikamwambia nadhani ni kwa sababu hadi siku ile yeye mwenyewe hakuwahi kusamehewa na mtu. Hakujibu. Kitabu amekichukua, na karatasi zake ameziacha juu ya meza yangu.