Nani Kasema Katuni ni ya Watoto?

Hebu niambieni, nani alitangaza kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto? Mzazi anaona sungura, anabonyeza, anaenda zake jikoni kukaanga vitunguu. Dakika kumi baadaye sungura hana kichwa, na wa kulaumiwa ni serikali!

Serikali gani tena, jamani? Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, tangu miaka ya 60. Tuna Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB. Wakaguzi wanaikodolea macho filamu mwanzo hadi mwisho, wakiandika: damu imemwagika wapi, tusi limetoka lini, nani amevuta nini, nani amevua nini. Ndipo alama inapogongwa. GE ni ya wote, bibi na mjukuu kochi moja. PG, na hapa ndipo tunapoangukia pua, haisemi "leteni watoto". Inasema mzazi uwepo, umwongoze. Na wewe uko na vitunguu vyako! 16 na 18 ni umri. Hakuna "amebakiza miezi miwili tu", hakuna "lakini ni mrefu".

Halafu atokee mjuaji: "Mbona imeandikwa PG-13?" Hiyo ni ya Marekani, bwana, ilianza 1984. Huitoa jopo la wazazi wa huko, chini ya chama cha studio zenyewe, wala si sheria ya nchi. Na hesabu zao! Lile tusi zito likitamkwa mara moja kwa hasira, PG-13. Likirudiwa, kwa kawaida filamu inapandishwa hadi R, yaani mtoto haingii bila mzazi au mlezi. Lakini watu arobaini wakipigwa risasi bila damu kuonekana sana, endelea kutafuna bisi.

Turudi Kenya. Kwenye televisheni, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, kinachorushwa kinatakiwa kifae familia nzima. Sawa, ila mtoto gani wa siku hizi analala saa 4? Hiyo ndiyo saa anayochangamka.

Na matatu je? Ndani ya gari la abiria inatakiwa GE peke yake. Skrini kubwa kama mlango, viuno vinazunguka, mtoto wa nasari kapakatwa hapo mbele, macho hayapepesi. Umuulize kondakta: "Kijana, hii ni GE kweli?"

"Hatufiki huko, mathe. Mwisho Rongai."