The Hunger Games ni Hesabu ya Nafaka

Muulize mtu aliyesoma The Hunger Games ya Suzanne Collins kitabu kinahusu nini, atakujibu kwamba vijana 24 wanatupwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja. Sawa, lakini hayo ni matokeo tu. Riwaya hii ya 2008 imesimama juu ya hesabu ya nafaka, na wengi waliokuja kumwiga Collins walibeba uwanja wakaiacha hesabu. Ndiyo maana vitabu vyao vimejaa damu na bado havimtishi mtu.

Hesabu yenyewe iko sura ya kwanza, na wengi huipita mbio. Panem, nchi iliyoota juu ya magofu ya Amerika Kaskazini, ina wilaya 12 na mji mkuu tajiri uitwao Capitol. Kila mwaka kila wilaya hutoa kwa kura mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18. Ukitimiza miaka 12 jina lako linaingia mara moja, ukitimiza 13 linakuwa mara mbili, na ukifika 18 liko mara saba. Mpaka hapo sheria haina upendeleo. Kisha inakuja tessera. Mtoto mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye kura, na kwa kila nyongeza anapata nafaka na mafuta ya kumsukuma mtu mmoja mwaka mzima, kwa kubana sana. Anaweza kuchukua kwa niaba ya kila mtu wa nyumbani kwake.

Mtego uko kwenye kujumlisha. Nafaka inaliwa na kuisha ndani ya mwaka, karatasi yenye jina lako haitoki kwenye kura. Katniss Everdeen, msichana wa Wilaya ya 12 anayesimulia kitabu, alianza na karatasi 4 akiwa na miaka 12: moja ya lazima na tatu za tessera, yake, ya mama yake na ya mdogo wake Prim. Kila mwaka zimeongezeka nne, kwa hiyo akiwa na miaka 16 ana 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na kwao wako watano. Karatasi sita kwa mwaka, mara miaka saba, anakwenda kwenye kura na 42. Madge, binti wa meya, ni rika la Katniss na ana 5. Wote wanasimama katika uwanja mmoja siku ya kura, chini ya sheria ileile, na Capitol haikuhitaji kuandika popote kwamba wafe maskini.

Kuna la zaidi ambalo Gale analiona na kulipigia kelele porini. Tessera inawafanya watoto wa wachimba makaa wawachukie watoto wa wenye maduka, kwa sababu karatasi za mmoja ndizo zinazomfunika mwenzake. Chuki hiyo inabaki wilayani, haifiki Capitol. Kwa kurasa chache tu Collins ameeleza namna utawala unavyojilinda, bila mhusika yeyote kutoa mhadhara.

Basi wakosoaji wanauliza: mbona jina linalotoka kwenye kura ni la Prim, mwenye karatasi moja kati ya maelfu? Si bahati ya kulazimishwa hiyo? Ningekubali kama karatasi hiyo moja isingekuwa na gharama. Katniss alimkataza Prim kuchukua tessera. Kama Prim angechukua zile tatu za mwaka huo, yeye angekuwa na 4 na Katniss 17. Dada mtu alinunua usalama wa mdogo wake kwa hatari yake mwenyewe, akalipa kila mwaka, na kura ikamcheka. Anapojitolea kwenda badala ya Prim hafanyi jambo jipya. Ni malipo yaleyale, safari hii ya mkupuo.

Mtu anayetaka kuandika riwaya ya aina hii aangalie pia mpangilio. Kitabu kina sura 27, tisa kwa kila sehemu kati ya tatu. Pambano linaanza sura ya 11, vijana wakiwa wamesimama sekunde 60 juu ya sahani za chuma, na anayeshuka kabla ya muda analipuliwa. Sura kumi nzima zimekwisha kabla pambano halijaanza. Waigaji huona huko ni kuchelewa, wakaanzia kwenye panga. Matokeo yake msomaji hajui anayekufa alikuwa analisha nani.

Na ndani ya uwanja mada haibadiliki. Tazama begi ambalo Katniss anafanikiwa kulinyakua: mfuko wa kulalia unaohifadhi joto la mwili, pakiti ya biskuti, vipande vya nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, chupa ya iodini, kiberiti, waya, miwani ya jua, na chupa ya plastiki ya karibu lita mbili, kavu kabisa. Collins hapotezi kitu hapo. Waya ni wa mitego ya wanyama wadogo. Chupa kavu inageuka adui wa kwanza, maana Katniss anakaribia kufa kwa kiu kabla upanga wowote haujamfikia. Haymitch, msimamizi wake aliye nje na anayeweza kumtumia zawadi, hamtumii maji, na Katniss anang'amua kwamba kimya hicho kina maana: maji yako karibu. Anapofika kwenye tope na bwawa hanywi. Anajaza chupa, anatia matone ya iodini na kungoja nusu saa huku koo linawaka. Mwandishi mvivu angemwacha anywe kwa pupa.

Ile miwani ndiyo ninayoipenda zaidi. Katniss anaiona haina kazi mpaka Rue, mtoto wa miaka 12 kutoka Wilaya ya 11 ya kilimo, amwambie ni ya kuonea gizani, kwa sababu kwao huvaliwa wakati wa kuvuna usiku. Ujuzi unaookoa maisha umetokana na kazi ya sulubu.

Ni katika mazungumzo na Rue huyohuyo Katniss anapotambua udhaifu wa kundi lenye nguvu, wale waliofundishwa kupigana tangu utotoni. Wanashiba. Chakula chao wamekirundika pamoja na kukizungushia mabomu yaliyofukuliwa chini ya zile sahani za chuma. Katniss anapiga gunia la matufaha mishale mitatu: wa kwanza unachana, wa pili unapanua, wa tatu unang'oa kipande, matufaha yanamwagika na rundo zima linalipuka. Sikio lake la kushoto linapoteza kusikia. Hajaua mtu kwa mishale hiyo, lakini amewatia wababe wale katika hali ya mtoto wa kawaida wa Wilaya ya 12.

Rue anapokufa, watu wa Wilaya ya 11 wanamtumia Katniss mkate. Zawadi za uwanjani hupanda bei kila siku inayopita, na hao ni watu wasioweza kujishibisha wenyewe. Hata tuzo ya ushindi ni ileile: wilaya ya mshindi hupewa nafaka, mafuta na hata sukari mwaka mzima, zile nyingine 11 zikitazama.

Kasoro zipo. Wilaya ya 12 yenye watu kama 8,000 ni ndogo mno kwa mgodi unaotakiwa kuilisha nchi makaa, hata kama si wao tu wenye nishati. Masimulizi ya nafsi ya kwanza yanakupa kidokezo mapema kwamba msimuliaji hafi, ingawa yanalipa kwa namna nyingine: Katniss anamsoma vibaya Peeta, mvulana wa wilaya yake aliyeingia naye uwanjani, nasi tunakosea pamoja naye.

Kasoro kubwa ni wale mbwa-mwitu wa maabara wa mwishoni, wenye macho yanayofanana na ya vijana waliokufa. Kitabu hakisemi kama macho hayo ni yao kweli, na sidhani mwandishi alikuwa ameamua. Baada ya sura nyingi ambamo kila hatari ilikuwa na sababu unayoweza kuipima, kiu, baridi, homa ya jeraha la Peeta, ghafla tunapewa jinamizi lisilo na hesabu yoyote nyuma yake. Kurasa zile zingeweza kuachiwa njaa imalize kazi iliyoianza.