Mkoromo wa Wazee na Ahadi ya Kurudisha Kumbukumbu

Mzee wa Tukuyu anayesinzia kibarazani saa tatu asubuhi, na ambaye siku hizi husahau bei aliyouzia ndizi jana, huambiwa tu kwamba ni uzee. Ni nadra mkewe kuulizwa, ilhali ndiye anayesikia mkoromo ukikatika ghafla, kimya kikatanda, kisha mumewe akagutuka kama aliyekabwa. Huenda hiyo ni apnea ya usingizi, ugonjwa ambao njia ya hewa kooni huziba mtu akiwa amelala, oksijeni hushuka na usingizi hukatika. Pumzi ikikatika au kupungua mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Wanaohimiza matibabu ya ugonjwa huu ili kuokoa kumbukumbu wana hoja nzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wanawake wazee 298, ulionyesha kuwa wenye tatizo hili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhoofika akili au kupata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na hatari hiyo ilihusishwa na upungufu wa oksijeni kuliko kukatika kwa usingizi. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani, hoja hiyo inagusa zaidi.

Hata hivyo, jaribio la Uingereza la mwaka 2014 kwa watu wa miaka 65 na kuendelea lilionyesha kuwa mashine ya kusukuma hewa puani ilipunguza usingizi wa mchana, lakini baada ya mwaka mzima uwezo wa kufikiri haukuboreka. Watetezi wa mashine hujibu kwamba wengi hawakuvaa kinyago chake cha kupitishia hewa kwa saa za kutosha, na kwamba mwaka mmoja ni mfupi mno kwa ugonjwa unaojengeka kwa miongo. Nakubali, ila jibu hilo halimpi yeyote ruhusa ya kuiuza mashine kama dawa ya kusahau, hasa kwa familia itakayouza viazi vya msimu ili kuinunua, na umeme wenyewe hukatika.

Kwa mzee anayesinzia mchana, mashine ina faida ya wazi. Kabla yake, au pamoja nayo, apunguze uzito, alale ubavu, na aache ulanzi au kimpumu cha jioni, kwani pombe hulegeza misuli ya koo. Kumbukumbu ichunguzwe kivyake, pamoja na masikio, sonona, tezi ya shingo na vidonge vya usingizi anavyomeza, maana baadhi ya vidonge hivyo humsahaulisha mtu na pia kulegeza koo lilelile.