Uwanja wa kijana wa miaka 21

Siku za mechi barabara ya kuingia Ames, hapa Iowa, haipitiki. Hata mimi nisiyeelewa mpira wa Kimarekani jina hilo nalisikia redioni, nalisoma vibaoni, watoto wanalitaja bila kufikiri: Jack Trice. Nafurahi kila mara. Uwanja wa watu zaidi ya 60,000 umeitwa kwa jina la mwanafunzi mweusi!

Trice alikuwa mwanamichezo mweusi wa kwanza wa chuo cha hapa Ames, Iowa State. Alisomea ufugaji, nia yake aende Kusini kuwasaidia wakulima weusi. Usiku wa kuamkia mechi na Minnesota, Oktoba 1923, aliandika hotelini kwamba heshima ya watu wake, ya familia na yake mwenyewe ilikuwa mikononi mwake. Kesho yake akavunjika mtulinga, akaendelea kucheza, kipindi cha tatu akakanyagwa. Tarehe 8 akafariki. Barua ilikutwa mfukoni mwa koti lake.

Haya, tutaje viwanja vyetu vya Tanzania. Mkapa. Sokoine. Sheikh Amri Abeid. Viongozi watupu, na vingine vina jina la chama. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 na goti lililofungwa bendeji, yuko wapi? Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya 1974 je?

Najua jibu: "Umepanda ndege, sasa unatudharau." Sidharau mtu. Wala Wamarekani siwasifu bure, maana hadi leo wanabishana kama Trice alikanyagwa makusudi. Jina hilo halikuja kwa hisani. Wanafunzi walianza kudai miaka ya 1970, wakuu wakawazungusha, mwaka 1984 wakakubali sehemu ya kuchezea tu. Vijana wakachanga fedha za sanamu. Uwanja mzima ulipata jina mwaka 1997. Ung'ang'anizi huo ndio ninaouonea uchungu, kwa sababu nasi tunao, tunaumalizia kwenye ubishi wa Simba na Yanga.

Mkenya atasema Eldoret kuna Kipchoge Keino. Haki yake, namwonea wivu. Mwingine atasema uwanja wa Mkapa ulianza kujengwa wakati wake. Sawa, abaki nao, simnyang'anyi mzee wetu. Lakini Mbulu, alikozaliwa Akhwari, hata kiwanja cha vumbi kikiitwa jina lake nani atapungukiwa? Nijibuni hilo kwanza, ndipo mniambie nimebadilika.